AMANI YA MTAA NI AMANA YA JIRANI

Hotuba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa kutangazwa redioni, kutoka Kang'ata, Handeni

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeufanya usiku uwe sitara na mapumziko ya waja wake, na akaufanya mchana uwe wakati wao wa kutafuta maisha. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua, na kwa zile tusizozijua mpaka zituondokee. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri, kwani mwenye kumcha Mungu ndiye ambaye jirani yake hulala usingizi.

Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na mashambani, leo nataka tuzungumze juu ya neema moja ambayo thamani yake haijulikani ila inapopungua. Neema hiyo ni usalama wa mahali tunapolala.

Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji wa Makka, alimwomba Mola wake mambo mawili: kwanza mji ule uwe wa amani, kisha watu wake waruzukiwe matunda. Tazameni mpango wa dua hiyo. Bonde lile lilikuwa kavu, halina mmea, na mtu angedhani kuwa chakula ndicho kingetangulia. Lakini Nabii Ibrahim alitanguliza amani, kwani matunda yatamfaa nini mtu ambaye hana hakika kama atakuwa hai asubuhi ayale? Na katika Suratu Quraysh Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureshi neema mbili kwa pamoja: kuwa aliwalisha wakaepukana na njaa, na akawapa amani wakaepukana na hofu. Njaa na hofu ni ndugu wawili. Akitangulia mmoja, wa pili yu njiani.

Sisi watu wa Handeni hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta ushahidi wa jambo hili. Wazee wametusimulia, na wanahistoria wameandika, kuwa katika miaka ya 1830 nchi hii ya Uzigua iliingiwa na ukame na njaa kubwa. Watu wengi wakateremka pwani kutafuta chakula, na huko wakaangukia mikononi mwa wafanya biashara, wakapakiwa majahazini, wakapelekwa pwani ya Banadir katika nchi ya Wasomali, wakafanywa watumwa wa mashamba. Baadhi yao walitoroka, wakajikusanya katika bonde la mto Juba, wakalima na wakazaa, na lugha ya Kizigua wakaihifadhi kwa zaidi ya miaka 150. Kisha serikali ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wenye bunduki wakawavamia wakulima wale, wakawapora, na wengi wakakimbia nchi. Kundi moja lao likarejea katika ardhi ya mababu zao, likapewa makazi pale Chogo, humu humu wilayani kwetu Handeni, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Basi zingatieni, ndugu zangu: njaa ndiyo iliyowatoa, na hofu ndiyo iliyowarudisha. Vizazi vile vimeonja mambo yote mawili ambayo Suratu Quraysh imeyataja.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mji wetu mdogo wa Kang'ata si ule wa utoto wetu. Mwaka 1967 watu wa Tanzania nzima walikuwa milioni 12 na kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na zaidi ya thuluthi moja yetu tunaishi mijini. Hata miji midogo kama huu wetu imejaa watu waliotoka pande nyingi. Dhahabu ya Magambazi imevuta wachimbaji, wachimbaji wamevuta wafanya biashara, na penye fedha pana wema na pana waovu. Zamani mtoto akipita njiani tulijua ni wa nani. Leo anapita mtu, hatumjui. Na lililo baya zaidi ni kuwa hatuna haja ya kumjua.

Nanyi mnazijua dalili za hofu. Mama muuza genge anafunga biashara yake kabla ya Magharibi, saa ambayo zamani ndipo alipokuwa akiuza. Mkulima aliyepalilia mahindi yake kwa miezi mitatu analala kondeni mwezi wa nne, asije akavuna mwingine. Mbuzi wanalazwa ndani pamoja na watoto. Kijana wa bodaboda anakataa abiria wa usiku, hata akiwa ni mgonjwa. Na humu msikitini safu za Isha na Alfajiri zimepungua. Wazee hawakuacha kupenda Sala, wanaogopa njia.

Huenda mtu akasema: lakini kwenye daftari za serikali wizi haukuandikwa mwingi. Ndugu yangu, daftari huandika yaliyopelekwa. Mtu akiibiwa kuku, akaona uvivu kwenda kusema. Akiibiwa simu, akasema haitapatikana. Akimjua mwizi, naye ni mtoto wa shemeji yake, akanyamaza. Basi mwisho wa mwaka hesabu itakuwa ndogo na hofu itakuwa kubwa. Hesabu ya uhalifu inaweza kushuka kwa sababu mbili: wezi wametubu, au walioibiwa wamekata tamaa. Mwenye hekima asifurahi mpaka ajue ni ipi katika mbili hizo. Kwa hiyo kutoa taarifa ni katika kutoa ushahidi, na Mwenyezi Mungu ametukataza kuuficha ushahidi, akatuambia kuwa mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini.

Ndugu zangu, sipendi kukunyosheeni kidole nyinyi huku nikijificha mimi. Nitakusimulieni jambo langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa manane, nilisikia yowe. Ilikuwa sauti ya mama mmoja mjane, mtu mzima, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Niliisikia vizuri. Nilikaa kitandani, nikajiambia kuwa vijana watatoka. Kisha nikajiambia kuwa tochi yangu haina betri. Kisha nikajiambia kuwa huenda ni ugomvi wa watu walevi. Nafsi ya mtu haikosi udhuru. Yowe likapigwa mara ya pili, kisha likanyamaza. Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Walikuwa wamevunja mlango, wamempiga mkononi, wamechukua cherehani yake, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wajukuu zake wanne. Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Maalimu, jana usiku sauti yangu haikufika kwako?"

Mimi niliyesoma madrasa tangu utotoni, nikaenda chuoni nikafunzwa balagha, siku ile sikuwa na jibu. Baadaye tulipozungumza na majirani, ilidhihiri kuwa nyumba tano tulikuwa macho. Nyumba tano, na kila moja ikisubiri mlango wa nyumba nyingine ufunguliwe.

Sasa sikilizeni mwenendo wa Bwana Mtume (S.A.W.). Anas bin Malik (R.A.) anasimulia, na Maimamu Bukhari na Muslim wamepokea, kuwa usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kishindo. Watu wakatoka wakaelekea kule kulikosikika sauti. Njiani wakakutana na Mtume wa Mwenyezi Mungu anarejea; alikwisha kufika na kutazama. Alikuwa amepanda farasi wa Abu Talha, farasi mtupu asiye na tandiko, na upanga umening'inia shingoni mwake, naye anawatuliza watu wasiogope. Hakusubiri tandiko, ndugu zangu. Mimi nilisubiri betri ya tochi.

Na Bwana Mtume ameapa mara tatu kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa hakuamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Wanazuoni wakatufahamisha kuwa haki ya jirani haiishii katika kumwondolea udhia wako wewe. Ni pamoja na kumkinga na udhia wa mwingine kwa kadiri ya uwezo wako. Ama asiyeiba, lakini anasikia jirani yake anaibiwa akajifunika shuka, huyo hajaitimiza haki hiyo.

Ndugu Waislamu, mwisho wa kisa cha cherehani una mafunzo zaidi. Ilipatikana baada ya wiki chache katika mji mwingine, kwa mtu mwenye duka lake, anayesali, aliyeinunua kwa robo ya bei wala hakuuliza imetoka wapi. Na katika vijana wawili walioiiba, mmoja alikuwa wa mtaani petu. Mimi mwenyewe nilimfundisha alifu na be. Aliacha kuja madrasa akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyekwenda kwao kuuliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa pana watu watatu wa kuambiwa ukweli.

Wa kwanza ni mnunuzi. Ewe unayeuziwa simu, baiskeli, mabati au mbuzi kwa bei isiyoingia akilini, huo ni wizi, nawe ni mshirika wake. Mwizi haibi ili aweke nyumbani. Anaiba kwa sababu anajua kuwa wewe upo. Lau pasingekuwa na mkono wako ulio tayari kupokea, mkono wake usingenyooka.

Wa pili ni mzazi na jamaa. Mwanamke wa kabila tukufu la Bani Makhzum aliiba katika zama za Mtume (S.A.W.), na jamaa zake wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd akamwombee. Bwana Mtume akakasirika, akawaeleza watu kuwa waliowatangulia waliangamia kwa sababu mkubwa akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba wakamwadhibu. Akaapa kuwa hata angekuwa ni binti yake Fatima, sheria ingempitia. Basi wewe baba unayeona mwanao asiye na kazi ana viatu vipya na simu mbili, nawe huulizi, unamhurumia nani? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Muulize leo wewe kwa upole, kabla hajaulizwa kesho na watu wenye mawe mikononi.

Wa tatu ni mwenye mali. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Walipofikishwa mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), aliamuru wakatwe, kisha akarejea, akamwambia Hatib kuwa anaona yeye ndiye anayewashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake, naye akataja dirhamu 400. Sayyidna Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Angalieni uadilifu huo. Aliyeibiwa hakuambiwa asamehe aende zake. Alipata haki yake mara mbili. Lakini mzigo uliwekwa juu ya bega la aliyewatumikisha watu bila ya kuwashibisha. Ewe unayemfanyisha kazi kijana shambani au shimoni tangu asubuhi hadi jioni, kisha siku ya malipo humwambia njoo kesho, njoo keshokutwa, jihadhari. Kijana akitenda jinai hawezi kujitetea kwa dhulma yako. Wala wewe hutaweza kujitetea kwa jinai yake. Kila mmoja ataulizwa la kwake.

Nalifikia sasa jambo zito kuliko yote, nalo ni damu. Yule kijana wa cherehani alipojulikana, watu walikusanyika. Palikuwa na fimbo, palikuwa na mawe, na mtu mmoja alikwisha kuleta petroli. Walikuwa ni watu wale wale wa nyumba tano, ambao usiku wa yowe hatukutoka. Tulikosa ushujaa wa kumsaidia mnyonge usiku, tukapata ushujaa wa kumwua mtu aliyefungwa kamba mchana! Aliyetuzuia ni mama mjane mwenyewe. Alijipenyeza, mkono wake ungali umefungwa kitambaa, akasema: "Wanangu, mkimchoma huyu, mama yake nitamtazama vipi kisimani?" Watu wakaona haya. Kijana akapelekwa kituoni, akahukumiwa, akatumikia kifungo, akatoka. Sikuambieni kuwa amekuwa walii. Nakuambieni kuwa yu hai, na mlango wa toba kwake haujafungwa. Na sisi mikono yetu haina damu.

Si kila mahali mama kama yule hutokea. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za mwaka hadi mwaka, kimeeleza kuwa mamia ya watu wameuawa nchini mwetu ndani ya mwaka mmoja na makundi ya watu waliojichukulia sheria mikononi. Miongoni mwao wamo walioitiwa mwizi kwa kusingiziwa, kwa deni, kwa wivu, au kwa kufanana na mtu mwingine. Na Mwenyezi Mungu amefundisha katika Suratul Maida kuwa mwenye kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote, na katika Suratul Hujurat akatuamuru tuihakikishe habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki kujuta. Sauti ya "mwizi!" ni habari, haijawa hukumu. Hata katika sheria ya Kiislamu anayehukumu ni kadhi baada ya ushahidi, si umati wa watu njiani. Na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 nayo inalinda haki ya kuishi, na inakataza mtu kuhesabiwa mkosaji kabla ya kuthibitishwa.

Nasema maneno haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na akusameheni nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na tunamsalia Mtume wake mwaminifu, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mtauliza: basi tufanye nini? Kunyamaza ni kosa, na kuua ni kosa kubwa zaidi. Jibu ni kuwa baina ya mawili hayo iko njia ya katikati, nayo ni kushirikiana katika wema na uchaji Mungu, kwa mpango na kwa mipaka.

Nchi yetu ina uzoefu wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, watu wa Usukuma na Unyamwezi walijikusanya kwa pinde na mishale wakaunda sungusungu. Vijiji vilivyokuwa vikilia vikapata nafuu, mpango ukaenea mikoa mingine, na mwaka 1989 sheria ikautambua. Huo ndio wema wake. Lakini palipokosekana mipaka, watu walipigwa, wengine wakafukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, wengine wakapoteza roho. Chombo kimoja kilikuwa rehema hapa na dhulma pale; tofauti ilikuwa ni mipaka.

Na wenye mamlaka nao wana mipaka. Katika miaka ya katikati ya 1970 palitokea mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Vyombo vya dola vikaingia kuwasaka wauaji, na katika msako huo watu waliokamatwa wakateswa, baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa serikali. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, akibeba dhamana ya yaliyotendwa chini yake. Mwaka 1985 Watanzania wakampa urais, na alipofariki mwezi wa Februari mwaka 2024 watu wengi walimkumbuka kwa kujiuzulu kule. Funzo ni kuwa amani inayotafutwa kwa kumtesa asiye na hatia si amani. Ni hofu iliyohama nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Na mpaka mwingine ni sitara ya nyumba. Wanazuoni wanasimulia, na Imam Ghazali ameitaja katika Ihyau Ulumid-Din, kuwa Sayyidna Umar alipokuwa akizunguka Madina usiku kulinda watu, alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa ikiwa yeye amemwasi Mungu mara moja, Umar amemwasi mara tatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakutoa salamu. Khalifa, ambaye dola mbili kubwa zilimtetemekea, alikubali hoja, akamwacha baada ya kuahidiana naye toba. Ikiwa Umar alikubali mpaka huu, je, mlinzi wa mtaa mwenye rungu na filimbi?

Basi, baada ya Sala hii, wazee wa mtaa watakutana barazani pamoja na mwenyekiti wetu wa kitongoji, kuandika majina ya zamu za ulinzi wa usiku. Nawaomba Waislamu wenzangu tusiwe wa mwisho. Na nawaomba jirani zetu Wakristo wawe pamoja nasi, kwani mwizi haulizi dini ya mwenye mlango. Hapo barazani mimi nitayapendekeza mambo haya, nayo namshuhudisha Mwenyezi Mungu juu yake.

Kwanza, ulinzi uwe kwa kujulikana na serikali ya kijiji na kituo cha polisi, majina yakiandikwa, ili walinzi nao waweze kuulizwa. Pili, mlevi na mwenye kisasi asipewe zamu. Tatu, likipigwa yowe, kila nyumba iwashe taa na kila mwenye afya atoke. Asiyeweza kutoka ajibu yowe kwa yowe, ili aliyevamiwa ajue kuwa hayuko peke yake, na aliyevamia ajue hivyo hivyo. Nne, mlinzi asiingie nyumba ya mtu wala asimpekue mwanamke. Tano, atakayekamatwa asipigwe, akabidhiwe polisi bila ya kucheleweshwa, kama sheria inavyomtaka raia yeyote amkamataye mkosaji. Sita, mgeni asihesabiwe mwizi kwa ugeni wake. Wilaya yetu imepokea watu wa Chogo, na tangu mwaka 2022 imepokea familia zilizohamia Msomera kutoka Ngorongoro, na wachimbaji wanakuja na kuondoka. Mgeni asalimiwe, aulizwe jina na mwenyeji wake, aandikwe kwa mjumbe. Salamu ni ulinzi wa kwanza: mtu mwema akisalimiwa hufurahi, na mtu mbaya akisalimiwa hujua kuwa ameonekana.

Na jambo la saba, ambalo sitaki lisahauliwe: pamoja na daftari la zamu, pawe na daftari la pili la vijana wa mtaa wasio na kazi wala masomo. Kila mzee achukue jina moja. Mwenye shamba amwite, fundi amfundishe, mwenye duka amjaribu. Na walioacha madrasa, hao ni wangu mimi, nitakwenda kwao kugonga mlango. Ulinzi wa rungu huulinda usiku mmoja. Ulinzi huu wa pili huulinda umri mzima.

Vijana wangu mnaokaa vijiweni, Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaonya Masahaba juu ya kukaa njiani, waliposema kuwa hawana budi, akawataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi kijiwe chenu kinaweza kuwa jicho la mtaa. Binti akipita hapo usiku aseme: alhamdulillahi, nimewakuta kaka zangu. Na jueni kuwa Mtume ametaja macho mawili ambayo moto hautayagusa: jicho lililolia kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia yake. Mwenye kukesha ili mjane na yatima walale, kwa nia safi, tunamtarajia kuwa katika fungu hilo.

Mama yule mjane angali jirani yangu. Sasa nina tochi, na betri zake nazitazama kila usiku kabla sijalala. Lakini swali lake bado linanisubiri, na naogopa kuwa siku ya Kiyama nitaulizwa mara ya pili, na Asiyehitaji kuuliza. Nanyi pia mtaulizwa. Likipigwa yowe usiku wa leo, je, sauti itatufikia?

Ewe Mola wetu, ujaalie mji wetu huu, na nchi yetu, na nchi za jirani zetu, ziwe za amani na riziki. Ewe Mola wetu, wape usingizi waliokosa usingizi kwa hofu, na warudishie walioporwa bora kuliko kilichoporwa. Waongoe vijana wetu waliopotea, uwape toba kabla ya mauti na riziki ya halali kabla ya tamaa. Wape viongozi wetu na walinzi wetu uadilifu, na utuepushe na damu isiyo na haki. Warehemu wazazi wetu na waliotutangulia katika imani. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.